Namba Mbili na Nusu

Saa saba mchana, Julai, nje ya hospitali Maskati.
Gari limekaa juani tangu alfajiri,
usukani haushikiki ila kwa kilemba.
Nafungua milango yote minne, nangoja.
Itoke kwanza hewa ya ndani,
nzito, ya plastiki na ubani wa jana.
Mwenye pupa hulifungia joto humo humo,
akawasha kiyoyozi, kisha akalaumu gesi.

Shangazi Thuweba kaja kashikwa mkono na nesi.
Jicho la kulia lina pamba na kikombe juu yake:
mtoto wa jicho katolewa leo asubuhi.
"Upepo usimpige," kasema daktari.
"Na jasho lisiingie," kasema tena,
akaenda zake kula,
akaniachia amri mbili zisizopatana
na safari ya kwenda Ibra.

Swichi ya gari langu ina namba nne.

Nne inanguruma kama mashine ya kukoboa.
Inarusha risiti za petroli,
inautoa ushungi kichwani,
na ile dua niliyobandika juu ya redio inapiga makofi.
Lakini kwa dakika tano za mwanzo haina badala.
Nimemwomba Shangazi akae nyuma.
Nyuma, kasema, wanakaa watoto na magunia ya mchele.
Kalifunika jicho kwa kiganja,
kama mtu anayeapa na bado hajui anaapia nini.

Tatu, tulipopita Burj as-Sahwa.
Mgongo wangu umeanza kukauka.
"Goti, Humudi. Goti langu."
Kwa Shangazi kila baridi ni ya goti,
na kila joto ni la serikali.

Mbili, karibu na Fanja.
Ndipo nikamsikia anaongea.
Kumbe alikuwa anaongea tangu hospitali!
Midomo ikienda, nami nikiitikia ehe, ehe,
maneno yote yameliwa na namba nne.
Sikujua nimekubali nini.
Nikaona haya kuuliza.

Kisha Wadi al-Aqq, barabara inapanda,
lori la kokoto mbele, mshale wa joto la injini unapanda nao.
Shaji, fundi wangu wa Wadi Kabir, alinionya:
mlimani usiigombeze kompresa.
Nikashusha hadi moja.
Moja ni mtu anayepuliza uji.
Mawe pande zote yamekaa yanatutazama,
na tone la jasho likachomoza kwenye paji la Shangazi,
likapita mkunjo wa kwanza, wa pili,
likashika njia ya pamba.
Nikalidaka kwa kidole, mkono mmoja kwenye usukani,
lori likipiga honi kana kwamba limeona.

"Weka mbili na nusu," akasema.
Hakuna nusu, Shangazi.
"Nyumbani Wete pangaboi letu halikuwa na namba.
Tulikuwa tunalisukuma kwa ufagio lianze.
Nusu ilikuwepo."
Akanyoosha mkono bila kutazama,
akaizungusha swichi mwenyewe, tak,
akaisimamisha katikati ya mbili na tatu.
Feni ikazima kabisa.

Kimya.
Matairi tu, na pumzi yake,
na kitu kidogo kinachogonga ndani ya dashibodi
ambacho kwa miaka sita sikuwahi kukisikia.

Nikairudisha tatu.
Kisha nikavigeuza vile vidirisha vya upepo,
nikavielekeza juu, vipige dari.
Baridi haina nguvu ya kukaa juu;
ikaanza kushuka taratibu, mabegani, mapajani,
bila kumgusa mtu usoni.
Shangazi akaondoa kiganja kwenye jicho.
"Hii ndiyo," akasema. "Si unaona ilikuwepo?"

Tulipoteremka upande wa pili
akajifunga ushungi vizuri, akajikohoza.
"Basi Desemba, jicho la pili likipona.
Mimi na wewe, Wete, wiki tatu.
Na tiketi zote mbili umesema ni zako."

Nikautazama mkono wangu juu ya swichi.
Ehe, nikasema.
Safari hii nilikuwa nimesikia.